Pesa, kadi na sanduku la barua: mwongozo wa kumuunga mkono mgombea ukiwa Marekani

Kila uchaguzi ukikaribia maswali ni yale yale. Nina green card, naruhusiwa kumchangia mgombea? Tunaweza kuchangishana kama tunavyochangia harusi, halafu mweka hazina apeleke? Nimechapa vipeperushi, nivitie kwenye masanduku ya barua ya majirani? Na kwa nini jina langu na la mwajiri wangu yapo mtandaoni? Badala ya kumjibu kila mmoja kivyake, nimeyakusanya hapa.

Nakuandikia wewe unayeishi Marekani, uwe umetokea Tanga, Nakuru, Bukavu au Bujumbura, unayetaka kumsaidia mgombea kwa vijisenti vyako au kwa kadi za posta, na hutaki kuletewa barua ya serikali baadaye. Mimi si wakili. Kama pesa ni nyingi au hali yako ya uhamiaji haijatulia, mtafute wakili kabla hujatoa hata senti.

Nadharia ni ndogo. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanalinda sana maneno yako: unaweza kuandika kwamba rais hafai, na posta itaipeleka kadi hiyo kama inavyopeleka kadi ya pasaka. Kinachofuatiliwa ni nani amelipa, kiasi gani, na kwa jina la nani. Katika kesi ya Buckley v. Valeo ya mwaka 1976, Mahakama ya Juu ilikubali serikali iweke kikomo kwa mchango anaopewa mgombea, lakini ikakataa kikomo kwa pesa ambazo mgombea au mwananchi anatumia mwenyewe kusambaza maneno yake. Waliozoea Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya Tanzania ya mwaka 2010, inayombana mgombea kwenye matumizi, hapa hujikwaa. Marekani anayebanwa ni mtoaji.

Andaa kwanza

- Hati inayoonyesha hali yako: pasipoti ya Marekani, cheti cha uraia au green card.
- Akaunti ya benki au kadi ya malipo yenye jina lako wewe. Si ya biashara, si ya jumuiya.
- Jina kamili la kamati ya mgombea kama ilivyosajiliwa. Kamati feki zipo, na majina yao hufanana na ya kweli.
- Tarehe ya uchaguzi, na tarehe ambayo kura za posta zinaanza kutumwa kwenye jimbo lako.
- Daftari au faili la kompyuta la kuandikia kila dola, tarehe na risiti.
- Kama utatuma kadi: anwani ya ofisi ya posta inayohudumia mtaa unaoulenga. Siyo lazima iwe ile iliyo karibu na kwako.

Hatua ya 1: Jua wewe ni nani mbele ya sheria

Usiruke hatua hii. Sheria ya shirikisho inamkataza mgeni kuchangia au kulipia tangazo la kumpigia debe mgombea katika uchaguzi wowote, kuanzia wa rais hadi wa bodi ya shule. Nani ni mgeni?

Raia si mgeni, hilo liko wazi. Mwenye green card naye si mgeni kwa sheria hii, hata kama aliipata mwezi uliopita kwa bahati nasibu ya visa. Anaweza kuchangia wagombea wa ngazi ya shirikisho na kulipia kadi zake mwenyewe.

Wengine wote waliobaki ni wageni: mwanafunzi, mwenye visa ya kazi, mtalii, mwenye TPS (ruhusa ya muda kwa watu wa nchi zenye vita au maafa), anayesubiri hifadhi. Na hapa ndugu zetu wengi kutoka Kongo wanashtuka: mkimbizi ambaye bado hajapata green card yumo humo humo, ingawa yuko kihalali kabisa na anafanya kazi na kulipa kodi. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba green card akishatimiza mwaka mmoja nchini. Hadi aipate, asichange chochote. Hata fulana ya mgombea inayouzwa na kampeni yenyewe inahesabika kuwa mchango.

Usidhani hili ni la kwenye makaratasi tu. Benjamin Bluman, wakili kijana raia wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi New York, alitaka kuchangia wagombea na kuchapa vipeperushi vya kumuunga mkono Obama avigawe pale Central Park. Akaenda mahakamani kudai kwamba katazo linamnyima uhuru wa kusema. Mwaka 2011 jopo la majaji watatu wa Washington lilimkatalia, na Januari 2012 Mahakama ya Juu ikathibitisha uamuzi huo bila hata kusikiliza hoja. Vipeperushi tu, vya kugawa bustanini.

Mgeni anaweza nini basi? Kujitolea bila malipo: kugonga milango, kupiga simu, kupanga viti. Asikae kwenye kikao kinachoamua pesa zitumikeje. Anaweza pia kuzungumzia masuala yenyewe, kodi ya nyumba, shule, vita, bila kumtaja mgombea wa kuchaguliwa au kukataliwa. Ila niseme wazi: mwaka 2025 serikali ilifuta visa za wanafunzi kadhaa kwa sababu ya misimamo yao kuhusu Gaza, na kesi zao zikafika mahakamani. Ukiwa na visa, ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujaweka jina lako kwenye jambo lolote la siasa.

*Makosa ya kawaida.* Mwenye green card akishaona anaruhusiwa kuchanga, anadhani anaruhusiwa na kura. Hapana! Kupiga kura ya shirikisho bila uraia ni kosa la jinai na kunaweza kukufukuzisha nchini. Dawati la leseni ya udereva wakikuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura, jibu ni hapana, na soma fomu kabla ya kutia saini.

Kosa la pili ni la wakazi wa Ohio. Mwaka 2024 jimbo hilo lilipitisha sheria inayomhesabu hata mwenye green card kuwa mgeni kwenye pesa za kampeni za jimbo na za kura za maoni (pale wananchi wanapopigia kura hoja, si mgombea), na sheria hiyo ikaanza kupiganiwa mahakamani. Ukiwa Columbus au Cincinnati na huna uraia, usitoe dola kwa mgombea wa jimbo au wa jiji mpaka ofisi ya uchaguzi ikupe jibu la maandishi.

Hatua ya 2: Jua uchaguzi ni wa ngazi gani

Rais, Seneti na Baraza la Wawakilishi: hiyo ni ngazi ya shirikisho, na msimamizi wa pesa ni tume iitwayo FEC. Gavana, bunge la jimbo, meya, bodi ya shule: hizo ni sheria za jimbo au jiji, na hutofautiana mno. Virginia haina kikomo cha mchango. Texas nayo haina kwa nafasi nyingi, ukiwaondoa majaji. Kwingine kikomo ni dola mia kadhaa. Ingia tovuti ya ofisi ya uchaguzi ya jimbo lako, usimwamini binamu aliyeko jimbo jingine.

Wa Seattle mna bahati yenu. Kutokana na kura ya wananchi ya mwaka 2015, jiji humpa mkazi vocha nne za dola 25 kila moja ampe mgombea wa jiji amtakaye, na mwenye green card naye anastahili. Vocha huja kwa posta katika mwaka wa uchaguzi wa jiji. Watu wengi wanazitupa wakidhani ni matangazo ya biashara. Fungua bahasha.

Kuanzia hapa nafuata kanuni za shirikisho.

Hatua ya 3: Changa kwa jina lako, kwa pesa zako

Kwa kipindi cha 2025 na 2026, mtu mmoja anaweza kumpa mgombea wa shirikisho hadi dola 3,500 kwa kila uchaguzi. Kura za mchujo na uchaguzi mkuu huhesabiwa mbalimbali, kwa hiyo jumla ni 7,000. Kiwango hupandishwa kila mwaka wa witiri kufuata mfumuko wa bei, basi kiangalie upya usije ukatumia namba za zamani. Mume na mke kila mmoja ana kikomo chake, hata kama anayepokea mshahara ni mmoja. Tumeni kila mtu kivyake, msitume mara moja mkaandika majina mawili.

Taslimu mwisho ni dola 100. Taslimu isiyo na jina mwisho ni 50. Mimi nashauri usitoe taslimu kabisa, kwa sababu huna ushahidi baadaye.

Kwenye ukurasa wa kuchangia utaulizwa jina, anwani, kazi na mwajiri. Jaza ukweli. Ukipita dola 200 kwa mgombea mmoja katika kipindi chake cha uchaguzi, taarifa hizo huwekwa kwenye tovuti ya FEC na kila mtu anaweza kuzitafuta, bosi wako akiwemo. Kama hilo linakusumbua, baki chini ya 200. Ni halali, na kampeni haitakuchukia.

Sasa lile kubwa. Kwenye harusi na misiba yetu tumezoea: kila mtu anamtumia mweka hazina kwa Zelle au Cash App, yeye anajumlisha, anapeleka bahasha moja, ukumbi unapiga makofi. Ukifanya hivyo kwenye siasa za Marekani, mweka hazina akatuma dola 2,000 kwa kadi yake na kuandika jina lake peke yake, mmefanya kosa la shirikisho: kuchangia kwa jina la mtu mwingine. Haijalishi kwamba kila mmoja alitoa kwa moyo safi. Haijalishi kwamba jumla haikupita kikomo.

Kinyume chake ni kosa lile lile. Tajiri aliyefika kikomo anawapa wafanyakazi au ndugu pesa wachangie kwa majina yao. Dinesh D'Souza, mwandishi anayejulikana sana kwa wahafidhina, alifanya hivyo kwa rafiki yake aliyegombea Seneti New York mwaka 2012: dola 20,000 kupitia watu wengine. Mwaka 2014 alikiri kosa mahakamani, akapewa miezi minane kwenye kituo cha uangalizi, miaka mitano ya majaribio na faini ya dola 30,000. Baadaye Rais Trump alimsamehe. Wewe na mimi tusitegemee simu ya Ikulu.

Njia sahihi ya jumuiya ni rahisi. Omba kampeni kiungo chenu cha kuchangia, kirusheni kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu abonyeze na kulipa mwenyewe kwa kadi yake. Mgombea ataona jumla iliyotoka kwenu, na makofi mtapigiwa yale yale.

Mambo matatu ya kupitia haraka:

- Biashara. Kampuni haiwezi kumchangia mgombea wa shirikisho. LLC, yaani kampuni ndogo ya dhima yenye kikomo, inategemea inavyolipa kodi. Kama una lori, saluni au wakala wa kutunza wazee, lipa kwa kadi yako binafsi, mjadala uishe. Mwenye mkataba na serikali ya shirikisho kwa jina lake mwenyewe asichange kabisa.
- Jumuiya, msikiti au kanisa lililosajiliwa kama 501(c)(3), yaani taasisi ya hisani iliyosamehewa kodi. Pesa za taasisi zisimguse mgombea. Hiyo ni sheria tangu 1954, na adhabu yake inaweza kuwa kupoteza msamaha wa kodi. Wanachama mmoja mmoja wako huru.
- Kodi. Mchango wa kampeni haupunguzi kodi yako ya mapato. Anayekuandalia ritani akikuambia vinginevyo, badilisha mtu.

Hatua ya 4: Amua, kadi ni za kampeni au ni zako

Tuseme unataka kupeleka kadi 1,000 mtaani kwenu, nyingine kwa Kiswahili, za kumpigia debe mgombea wa Baraza la Wawakilishi. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kushirikiana na kampeni. Wao wanapanga, wanalipa, wewe unatoa nguvu na tafsiri. Muda wako wa kujitolea hauhesabiwi kuwa mchango. Ndiyo njia ninayompendekezea anayeanza.

Ya pili ni kufanya kivyako. Hapo huna kikomo cha matumizi, kwa sababu ya Buckley, ila usizungumze na kampeni hata neno moja kuhusu kadi hizo: si maandishi, si mtaa wa kulenga, si tarehe. Ukimtumia meneja wa kampeni picha ya kadi kwa WhatsApp akakujibu «badilisha rangi», gharama yote inageuka mchango kwa mgombea na inaingia kwenye ule ukomo wa 3,500.

Chagua moja. Wanaopata taabu ni wale waliochanganya.

Hatua ya 5: Andika kadi, na usisahau mstari wa chini

Maneno ni yako. Ila hakiki mara mbili tarehe ya kura na mahali pa kupigia. Hapo ukikosea unawapoteza wapiga kura, na majimbo mengi yana adhabu kwa anayepotosha kwa makusudi.

Ukituma zaidi ya kadi 500 zinazofanana ndani ya siku 30, sheria inataka kila kadi iseme nani amelipa. Kwa mtu binafsi anayefanya kivyake mstari ni huu:

«Paid for by», kisha jina lako kamili, kisha kimoja kati ya anwani, simu au tovuti yako, kisha «Not authorized by any candidate or candidate's committee.»

Uwekwe ndani ya kisanduku chenye mistari pande zote, usijifiche katikati ya maandishi mengine. Herufi za ukubwa wa pointi 12 zinakubalika bila ubishi kwa kadi na vipeperushi. Rangi ionekane: nyeusi juu ya nyeupe, si kijivu juu ya bluu. Kwa kuwa unaruhusiwa kuchagua, weka namba ya simu uliyoifungulia kazi hii, usitangaze anwani ya nyumbani kwa milango elfu moja. Na hata kadi yote ikiwa ya Kiswahili, mimi huacha mstari huu kwa Kiingereza ili afisa asiwe na cha kuuliza.

Je, huwezi kubaki bila jina? Kwa kadi chache, na hasa kwa kura ya maoni isiyo na mgombea, una ulinzi mzuri. Mwaka 1988 huko Westerville, pembeni mwa Columbus, Margaret McIntyre aligawa vipeperushi vya kupinga kodi ya shule. Vingine vilisainiwa tu kama vya wazazi na walipa kodi wenye wasiwasi. Alitozwa faini ya dola 100. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1995 ilisema sheria ya Ohio ilikuwa batili, kwa kuwa kuandika siasa bila jina ni mila ya zamani ya nchi hiyo. Mama mwenyewe hakuishi kuiona hukumu. Mumewe ndiye aliyeimalizia kesi. Lakini usiichukue kesi hii ukaitumia kwenye kadi 1,000 za mgombea wa shirikisho. Kwa matumizi makubwa ya kampeni mahakama imeendelea kukubali sharti la kujitaja.

*Onyo.* Kuna nembo ya posta ya «Official Election Mail». Ni ya maofisa wa uchaguzi peke yao. Kadi yako ni ya kampeni, usiibandike.

Hatua ya 6: Peleka posta

Kwa anayeanza, huduma ya posta iitwayo EDDM Retail ndiyo rahisi. Huhitaji kibali wala orodha ya majina. Unachagua njia za wabeba barua kwenye ramani ya tovuti ya USPS, na kadi inaingia kila nyumba ya njia hizo. Kima cha chini ni kadi 200, cha juu ni 5,000 kwa siku kwa kila zip code.

1. Chapa kadi kwa saizi inayokubalika: urefu uzidi inchi 10.5 au kimo kizidi inchi 6.125, bila kuvuka inchi 15 kwa 12. Mpe mchapaji vipimo hivi kabla hajakata karatasi. Postikadi ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 itakataliwa.
2. Mahali pa anwani andika «Local Postal Customer», na kwenye kona ya stempu weka alama ya EDDM Retail unayoipakua kwenye tovuti.
3. Funga mafungu ya kadi 50 hadi 100 kwa raba bendi, kila fungu na karatasi yake ya juu yenye namba ya njia.
4. Chapa fomu, nenda kwenye ofisi inayohudumia mtaa huo, ulipe hapo hapo. Barua za kampeni hazikopeshwi.
5. Mwambie karani waziwazi kwamba ni barua za siasa. Posta huweka kumbukumbu ya barua hizo, na kwa trei na magunia kuna lebo nyekundu, Tag 57, inayowaonyesha wafanyakazi ni mzigo wa kampeni. Si lazima, lakini iombe.

Ukitaka kutuma kwa majina, kwa bei ya matangazo, utahitaji kibali na angalau vipande 200. Bei ya chini zaidi, ile ya mashirika yasiyo ya faida, wanaipata kamati za vyama zinazostahili. Kamati ya mgombea haimo, na wewe humo.

Muda: lenga wiki tatu kabla ya siku ya kura, na mapema zaidi kwenye majimbo ambako watu wengi hupiga kura kwa posta. Kadi inayofika jirani akishajaza kura yake ni karatasi tu.

Na ukiwa pale posta usianze kugawa vipeperushi mlangoni au kwenye maegesho. Kampeni hairuhusiwi kwenye eneo la posta. Wafuasi wa mwanasiasa Lyndon LaRouche waliweka meza kwenye njia ya kuingilia posta ya Bowie, Maryland, wakichangisha pesa, wakakamatwa. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu iliwapa posta haki.

Hatua ya 7: Ukitembeza kwa mkono, sanduku la barua usiliguse

Hapa ndipo wengi wanapoponzwa, kwa sababu jambo lenyewe linaonekana dogo. Sanduku la barua lililo nje ya nyumba, hata kama mwenye nyumba amelinunua na kulipaka rangi mwenyewe, ni la barua zilizolipiwa stempu peke yake. Kutia kipeperushi kisicho na stempu ndani ya sanduku, au kukining'iniza juu yake, ni kosa la shirikisho lenye faini, na kila kipande kinaweza kuwa kosa lake.

Vyama vya wakazi wa Greenburgh, kaskazini ya jiji la New York, viliona huo ni uonevu. Vilikuwa vikitia matangazo ya mtaa kwenye masanduku ili kuokoa gharama, hadi mkuu wa posta wa White Plains akawaandikia waache. Wakashtaki wakidai uhuru wa kusema. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ilijibu kwamba sanduku ni sehemu ya mfumo wa posta, si uwanja wa hadhara, na kwamba njia nyingine za kumfikia jirani zipo.

Njia zenyewe ni hizi: kitasa cha mlango, chini ya zulia la mlangoni, au tundu la barua lililo kwenye mlango wenyewe, maana hilo haliitwi sanduku. Bora kuliko zote, mpe mtu mkononi. Kugonga mlango kwa ajili ya siasa hakuhitaji kibali cha jiji. Hilo tunawashukuru Mashahidi wa Yehova, waliokishtaki kijiji cha Stratton, Ohio, wakashinda mwaka 2002. Penye kibao cha kukataza wageni, pita. Kwenye majengo ya fleti muulize meneja kwanza.

Hatua ya 8: Toa taarifa

Ukifanya kivyako na matumizi ya kumtetea au kumpinga mgombea wa shirikisho yakapita dola 250 kwa mwaka katika uchaguzi husika, unajaza fomu ya FEC inayoitwa Form 5. Kadi 1,000, uchapaji na posta, zinapita hapo. Kujaza ni bure. Ukifikisha dola 1,000 au zaidi ndani ya siku 20 za mwisho, taarifa inatakiwa ndani ya saa 24, na saa hizo huanza kuhesabiwa kadi zinapotoka, wikendi isikudanganye.

Mkiwa kundi, mkakusanya au kutumia zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka kwa ajili ya wagombea, mnaweza kuwa kamati ya siasa kisheria, yenye wajibu wa kujisajili ndani ya siku 10. Kabla ya kufika hapo simamisheni kila kitu mpigie FEC, 800-424-9530. Hawaumi, na kuuliza hakukufungulii faili.

Yakikwama

*Nimechanga na sina green card.* Iandikie kamati leo ukiomba urudishiwe, utunze barua na risiti. Mweka hazina akishagundua mchango haramu ana siku 30 za kuurudisha. Kisha muone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu nyingine yoyote ya serikali.

*Nimepita kikomo kwa bahati mbaya.* Hili ni jepesi. Kamati ina siku 60 za kurudisha kilichozidi au, kwa idhini yako ya maandishi, kukihamishia kwenye uchaguzi mwingine au kwa mwenzi wako.

*Posta wamezikataa kadi.* Mara nyingi ni saizi, mafungu yenye idadi mbaya, au umekwenda ofisi isiyo yake. Mwombe karani akuonyeshe kanuni yenyewe. Akikataa kwa sababu ya maneno uliyoandika, hapo amevuka mpaka, maana posta haina kazi ya kuchuja siasa: omba msimamizi, na uandike jina la ofisi na saa.

*Vipeperushi vyetu vimeshaingia kwenye masanduku.* Acheni mara moja. Posta wanaweza kuvikusanya na kuwadai stempu. Lipeni, andikeni barua fupi kueleza kwamba hamkujua, na waelekezeni waliobaki watumie vitasa.

*Jina langu litolewe kwenye tovuti ya FEC.* Halitolewi. Lakini ni marufuku mtu kuchukua orodha hizo akazitumia kukuuzia bidhaa au kukuchangisha. Ukiona hivyo, unaweza kupeleka malalamiko FEC.

*Kadi za kampeni zimenijaa.* Hakuna rejista ya serikali ya kuzizuia. Iandikie kila kampeni ikuondoe. Nyingi hufanya hivyo, stempu zina gharama. Kuna fomu ya posta namba 1500 ya kumfungia mtumaji, lakini ni kwa matangazo unayoyaona wewe kuwa ya kiasherati, na uamuzi huo sheria imemwachia mpokeaji peke yake. Mahakama ya Juu iliibariki mwaka 1970.

*Naletewa gazeti la chama cha siasa kutoka nyumbani, nitapata shida?* Kulipokea ni haki yako. Zamani posta ilizuia machapisho ya kikomunisti kutoka nje mpaka mpokeaji arudishe kadi ya kusema anayataka. Corliss Lamont, aliyekuwa akiletewa jarida kutoka Peking, alikataa kuijaza akashtaki, na mwaka 1965 utaratibu huo ukafutwa. Gazeti likichelewa miezi miwili, hiyo ni posta ya kawaida tu. Fuatilia kwa namba ya mzigo.